Kununua mashua iliyotumika: ukaguzi kwanza, bei baadaye

Mashua iliyopakwa rangi jana hupendeza leo, lakini rangi haionyeshi hali ya mbao zilizo chini yake. Wakazi wengi wa Kaunti ya Lamu hununua vyombo vilivyotumika kwa uvuvi, kwa kubeba abiria au kwa kusafirisha mizigo baina ya visiwa na bara. Wengi wao hutoa akiba ya miaka mingi, mkopo wa chama au mchango wa jamaa. Chombo kikiwa kibovu, hasara haiishii mfukoni. Chombo hichohicho ndicho kitakachobeba watoto wa shule, mgonjwa wa kupelekwa hospitali na mabaharia watakaolala baharini.

Makala haya yanaeleza namna ya kukagua mashua ya mbao kabla ya kuinunua, na namna ya kuyatumia yale yaliyoonekana katika ukaguzi kuafikiana bei. Kanuni kuu ni moja: bei isitajwe kabla mashua haijaonekana ikiwa pakavu, na kila kasoro itakayopatikana igeuzwe kuwa shilingi.

Wakati unaofaa wa kukagua

Sehemu muhimu zaidi ya mashua ni ile inayokaa chini ya maji. Mnunuzi anayeitazama mashua ikiwa imetia nanga ameona nusu tu ya kile anachotaka kununua. Ukaguzi mzuri hufanywa siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapokupwa sana. Mashua hupwelezwa kwenye mchanga mgumu maji yakiwa yamejaa, kisha yanapotoka hubaki imekaa pakavu. Baina ya maji kujaa na maji kupwa hupita takriban saa 6, kwa hivyo muda wa kufanya kazi bila haraka upo. Magogo yaandaliwe mapema ili mashua isilale ubavu mmoja na kuuficha ubavu huo.

Ukaguzi ufanywe mchana. Muuzaji aombwe asipake rangi wala lami kabla ya siku hiyo. Akiwa amekwisha kupaka, mnunuzi amwombe ruhusa ya kukwaruza mahali pachache. Muuzaji mwenye chombo kizima kwa kawaida hakatai.

Wakati wa kusi, upepo unapokuwa mkali, vyombo vidogo vingi hulazwa pwani na baadhi huuzwa. Bei inaweza kuwa nafuu, lakini mashua iliyokaa juani wiki nyingi hukauka, na mianya baina ya mbao hufunguka. Jambo hili litaelezwa zaidi katika sehemu ya maji yanayoingia.

Ni nani akague

Mnunuzi asiye fundi atafute fundi wa vyombo na kumlipa yeye mwenyewe. Mafundi wenye uzoefu wanapatikana Matondoni, Lamu mjini, Kizingitini na kwingineko katika kaunti. Fundi huyo asiwe ndiye aliyeiunda mashua hiyo, wala asiwe jamaa wa muuzaji. Ni vyema pia malipo ya ukaguzi yatenganishwe na kazi ya matengenezo. Fundi anayetarajia kupewa kazi ya kutengeneza anaweza kuzidisha kasoro, na yule anayetarajia bahashishi kutoka kwa muuzaji anaweza kuzipunguza.

Dalali naye ana nafasi yake. Anajua ni nani anauza na ni nani anatafuta. Hata hivyo, dalali hulipwa biashara ikikamilika. Ushauri wake kuhusu hali ya chombo usichukuliwe badala ya ukaguzi.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: nyundo ndogo, bisibisi au kisu chenye ncha, tochi, kamba ndefu, kipande cha chaki, na daftari.

Mbao, mkuku na mataruma

Ukaguzi huanza kwenye mkuku, kwa sababu ndio unaobeba chombo chote. Fundi husimama nyuma, upande wa tezi, na kuutazama mkuku hadi omo. Kamba ikivutwa kutoka ncha moja hadi nyingine huonyesha kama mkuku umepinda au umeinuka katikati. Mkuku uliopinda sana hauna matengenezo ya bei nafuu.

Baada ya hapo kila ubao hugongwa kwa nyundo. Ubao mzima hutoa sauti kali na nyundo huruka. Ubao uliooza hutoa sauti nzito, kama ya kugonga gunia. Mahali penye sauti hiyo pachomwe kwa ncha ya bisibisi. Ncha ikizama bila nguvu, mbao imekwisha. Kila mahali pabovu pawekwe alama ya chaki na paandikwe daftarini.

Watu wengi hutafuta uozo chini ya maji pekee. Ukweli ni kwamba maji ya chumvi huizuia mbao kuoza haraka, na maji ya mvua ndiyo huiozesha. Kwa hivyo uozo hupatikana zaidi chini ya sitaha, kwenye vichwa vya mataruma, katika maungio ya omo na tezi, na kila mahali ambapo maji ya mvua hutuama bila hewa kupita. Tochi itumike humo, na mkono upitishwe nyuma ya mataruma.

Adui wa chini ya maji ni mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Huingia akiwa mdogo sana, na tundu lake la nje halizidi kichwa cha pini. Akishaingia hukua na kuchimba njia pana ndani ya ubao, huku uso wa nje ukibaki laini. Ubao wa namna hii unaweza kuvunjika kwa pigo moja la wimbi. Matundu madogo yaliyokaa pamoja pamoja na sauti tupu ya nyundo ni dalili ya kutosha. Ndiyo maana mabaharia huichoma mashua kwa moto wa makuti chini na kuipaka upya mara kwa mara. Muuzaji aulizwe ni lini kazi hiyo ilifanywa mara ya mwisho, na mara ngapi kwa mwaka.

Mataruma yahesabiwe moja moja. Taruma lililopasuka peke yake hutengenezeka. Mataruma matatu au manne yaliyopasuka mfululizo yanaonyesha kwamba mashua iligonga mwamba au ilibebeshwa mzigo kupita kiasi.

Misumari na kalafati

Msumari unaokula kutu huacha michirizi ya rangi ya kahawia ubaoni, na mbao iliyo kando yake hugeuka nyeusi na laini. Mafundi wazuri huuzungushia msumari pamba iliyotiwa mafuta ili maji yasipite. Fundi ajaribu kuisukuma mbao karibu na misumari. Ikicheza, misumari haishiki tena na itabidi ipigwe mingine mahali papya.

Kalafati ni ile pamba iliyosindikwa baina ya mbao. Kalafati nzuri huwa ngumu ikiguswa kwa ncha ya kisu. Ikitoka kama uzi mbovu, upande huo wote unahitaji kukalafatiwa upya. Kazi hii ni ya kawaida kwa mashua yoyote na si sababu ya kukataa kununua, ila ina gharama na muuzaji anapaswa kuihesabu.

Dalili nne zinastahili kumfanya mnunuzi asimame. Ya kwanza ni saruji iliyomwagwa ndani ya ngama kuziba maji. Saruji huongeza uzito na huificha mbao iliyooza chini yake. Ya pili ni bati lililopigiliwa nje chini ya maji. Ya tatu ni lami nzito iliyopakwa mahali pamoja tu. Ya nne ni rangi mpya ndani ya ngama, mahali ambapo kwa kawaida hakuna anayejali kupaka.

Maji yanayoingia

Kila mashua ya mbao huingiza maji kidogo. Swali ni kiasi gani, na kutoka wapi. Mashua iliyokaa pwani muda mrefu huingiza maji mengi siku ya kwanza, kisha mbao hufura na mianya hujifunga. Kwa hiyo mnunuzi asiikatae mashua kwa maji ya siku ya kwanza, wala asikubali kwamba maji ya siku ya tatu ni ya kawaida.

Jaribio lake ni rahisi. Mashua ikae majini siku mbili au tatu. Jioni ya siku ya mwisho maji yote yafuliwe hadi ngama iwe kavu. Asubuhi kijiti kisimamishwe ndani ya ngama na kipimo cha maji kiandikwe. Kisha mashua itolewe nje ikiwa na watu au mzigo kidogo, iende na kurudi, na maji yapimwe tena. Mashua inayotulia ikiwa kavu lakini inaingiza maji mengi inapokwenda ina mbao zinazocheza, na hiyo ni kasoro kubwa.

Mashine

Kama mashua inauzwa na mashine, mashine ikaguliwe peke yake na iwekewe bei yake peke yake. Mnunuzi aiguse kabla haijawashwa. Ikiwa imeshapata moto, huenda muuzaji aliiwasha mapema kwa sababu inasumbua ikiwa baridi. Ikishawaka, maji ya kupoza yatoke kwa mkondo wa nguvu. Mkondo hafifu una maana kwamba pampu ya maji imechakaa au njia za maji zimezibwa na chumvi.

Oili ya gia nayo itolewe kidogo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani na sili zimekwisha. Mafeni yaliyopinda au kumeguka yaandikwe. Mwisho, nambari ya mashine isomwe na kulinganishwa na stakabadhi. Nambari iliyosuguliwa ni sababu ya kuacha biashara hiyo papo hapo, kwa kuwa anayenunua mali ya wizi anaweza kuipoteza pamoja na pesa zake na kujikuta mbele ya polisi.

Umiliki na stakabadhi

Mashua nyingi ni mali ya watu zaidi ya mmoja. Huenda ni urithi wa ndugu watano, au imenunuliwa na chama. Anayeuza akiwa mmoja wa warithi, wengine wote waridhie kwa maandishi. Palipo na mzozo wa urithi katika familia ya Kiislamu, Mahakama ya Kadhi ndiyo mahali pa kuumaliza, na mnunuzi angoje hadi umalizike.

Mnunuzi aombe kuona cheti cha ukaguzi wa usalama kutoka Mamlaka ya Ubaharia Nchini, KMA, na kwa chombo cha uvuvi, usajili na leseni ya uvuvi. Aulize pia katika kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, cha mahali mashua inapoegeshwa. Viongozi wa BMU huwa wanajua chombo ni cha nani, kina deni gani, na kama kimewahi kuzama. Cheti cha usalama ni muhimu, lakini hakichukui nafasi ya ukaguzi wa mnunuzi, kwa maana hali ya chombo hubadilika tangu siku kilipokaguliwa.

Kugeuza kasoro kuwa bei

Baada ya ukaguzi, daftari huwa na orodha ndefu. Orodha hiyo igawanywe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kasoro za usalama: mkuku uliopinda, mbao zilizoliwa na mdudu, mataruma yaliyovunjika mfululizo. Hizi hazipatanwi kwa kupunguziwa bei kidogo. Ama zitengenezwe kabla ya kulipa, ama gharama yake yote itolewe kwenye bei, ama mashua iachwe.

Fungu la pili ni kasoro za gharama: kalafati, misumari, pampu ya maji ya mashine, tanga lililochanika. Hizi huondolewa kwenye bei kwa hesabu.

Fungu la tatu ni kasoro za sura: rangi iliyobanduka, mbao ya kukalia iliyokwaruzika. Hizi ziachwe. Mnunuzi anayelalamikia kila kitu humfanya muuzaji asisikilize lile lenye uzito.

Mfano ufuatao ni wa kufundishia hesabu tu, na tarakimu zake si bei ya soko. Muuzaji anataka shilingi 320,000. Mnunuzi amewauliza watu waliouza na kununua mashua za ukubwa huohuo karibuni, na akaona kwamba iliyo nzima yenye mashine kama hiyo inakwenda kwa shilingi 300,000. Hapo ndipo hesabu inapoanzia, wala si kwenye bei iliyotajwa na muuzaji.

Fundi amekadiria mbao mbili za chini ya maji shilingi 28,000, kalafati ya upande mmoja 15,000, mataruma mawili 14,000, na mashine 11,000. Jumla ni shilingi 68,000. Mashua ikishafunguliwa huonekana mambo yaliyokuwa yamefichika, kwa hivyo huongezwa akiba ya sehemu moja kwa tano, yaani karibu shilingi 14,000. Matengenezo yatachukua siku 10 bila kwenda baharini, na mnunuzi anahesabu shilingi 1,000 kwa siku, yaani 10,000. Jumla yote ni shilingi 92,000. Ukitoa kwenye 300,000 hubaki 208,000. Hicho ndicho kikomo cha mnunuzi, na anapaswa kukiandika kabla ya kukutana na muuzaji. Ofa ya kwanza inaweza kuwa 190,000 ili pabaki nafasi ya kusogea.

Mazungumzo yenyewe

Mapatano hufanyika vizuri karibu na mashua, alama za chaki zikiwa bado zinaonekana. Kijana anayenunua kwa mzee anaweza kuzungumza hivi:

"Mzee, mashua yako nimeipenda, na umbo lake ni zuri. Lakini fundi ameonyesha mbao hizi mbili na mataruma haya. Kuzitengeneza pamoja na kalafati na mashine ni elfu sitini na nane."

"Mwanangu, mashua hii imenilishia watoto. Hakuna mashua ya miaka kumi isiyo na kazi."

"Ni kweli, mzee. Rangi na viti sikuvihesabu, hiyo ni kazi yangu. Nimehesabu yale tu ambayo siwezi kutoka baharini bila kuyatengeneza. Kwa hali yake ya leo ninaweza mia na tisini. Au uitengeneze wewe, fundi wangu akiwa hapo, kisha nikupe bei ya mashua nzima."

Katika mazungumzo haya mnunuzi hakuidharau mashua wala mwenyewe. Alionyesha kasoro kwa kidole, akataja gharama, akakubali yaliyo ya kawaida, na akampa muuzaji njia mbili. Muuzaji akichagua kutengeneza, ni lazima mbao zilizobadilishwa zionekane kabla ya kupakwa rangi.

Muuzaji akisema kuna mteja mwingine anakuja jioni, mnunuzi asipandishe bei kwa hofu. Kikomo kilichoandikwa kwa utulivu kina busara kuliko bei inayotajwa kwa haraka. Na ikiwa muuzaji hashuki hadi kwenye kikomo, kuagana kwa heshima si kushindwa. Wauzaji wengine humpigia mnunuzi simu baada ya wiki.

Arbuni na hati ya mauzo

Arbuni ikihitajika iwe ndogo, na iandikwe wazi kwamba itarudishwa iwapo ukaguzi utaonyesha kasoro za usalama. Arbuni iliyotolewa bila maandishi huzaa ugomvi.

Hati ya mauzo iandikwe nakala mbili na itaje majina na nambari za vitambulisho vya pande zote, jina na nambari ya chombo, nambari ya mashine, bei, tarehe, na vifaa vinavyokwenda na chombo: nanga na kamba zake, tanga, makasia, tangi la mafuta na jaketi za kuokoa maisha. Kisichoandikwa huenda kisipatikane siku ya kuchukua mashua. Mashahidi wawili watie sahihi, na ni vyema mmoja awe kiongozi wa BMU. Malipo yapitie benki au simu ili pabaki kumbukumbu. Baada ya hapo mnunuzi apeleke hati hiyo KMA na katika ofisi ya uvuvi ili kubadilisha jina la mmiliki kabla ya kuanza kazi.

Wakazi wanaonuia kununua chombo na hawana uhakika wa stakabadhi au wa fundi wa kumtumia wanashauriwa kuuliza kwanza kwa BMU ya ufuo wao au kwa afisa wa uvuvi aliye karibu. Kuuliza hakugharimu chochote, na fundi wa ukaguzi hulipwa pesa kidogo mno ikilinganishwa na bei ya mashua ambayo haitafika hata msimu wa pili.